Neno la Kufungia Duka

Emali
1 Septemba 2024

Wifi yangu Kasiva,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, kwenye kelele za malori. Natumai u mzima na mgongo wako umepoa. Sisi hatujambo. Kakako Mwau amerudi jana kutoka Malaba, amelala tangu asubuhi, hata lori halijaoshwa. Binti yetu Zulekha amerudi bweni, na safari hii hakulia langoni, niliyelia ni mie. Wale kuku wawili uliotupa tulipotoka mazishini, mmoja ameshaanza kutaga. Mwenziwe ni mkorofi, anafukuza hata paka wa jirani.

Utashangaa nakuandikia barua ilhali simu ninayo. Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe ukaniuliza kama simu yangu mbovu, mbona napiga nakata. Simu nzima, wifi. Nikisikia "haloo" yako tu, nakata. Kwa karatasi angalau siisikii sauti yako.

Siku tuliyomzika baba yenu hapo Zombe, yule mzee Ndolo aliyekuwa mteja wake alipopewa nafasi ya kusema, alisimulia jinsi baba alivyokuwa akifunga duka. Unajua Kikamba changu ni cha sokoni, cha nyanya na salamu, sikushika mengi. Nilisikia tu "kuinuka", halaiki yote ikacheka, na wewe ukajifunika uso kwa leso. Nikamuuliza mama aliyeketi kando yangu, kwani kuinuka kuna nini cha kuchekesha? Akaniambia, "Wee, miaka yote hiyo umeolewa kwetu na hujui? Kuinuka ni kwenda nyumbani."

Kasiva, sikusikia tena lolote lililosemwa siku ile.

Nani asiyejua baba alivyokuwa nyumbani kwangu? Mlimleta alipopigwa na kiharusi ili awe karibu na hospitali. Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka, amebakiwa na maneno machache ya kwenu, na kubwa lao lilikuwa hilo. Asubuhi, kuinuka. Mchana, kuinuka. Mie mtoto wa Voi, kwangu kuinuka ni kunyanyuka. Nikimsikia naacha sufuria motoni, nakimbia, namtia mikono makwapani, namnyanyua, namjaza mito mgongoni. Akishakaa ananitazama, machozi yanamteremka. Nikajua ni maumivu. Hata kina mama wa kanisa, Wakamba wenzake, walipokuja kumwombea, walisema mzee yuko tayari kuinuka. Mie nikadhani wanasema habari ya kufufuka. Wao nao walidhani anataka kwenda nyumbani kwa Mungu. Kumbe mtu wa watu anataka kwenda Zombe!

Sasa nakuuliza. Kila Jumapili ulipopiga, nilikuwa namwekea simu sikioni. Alisema nawe, kisha nachukua simu nakuuliza, "Anasema nini, wifi?" Nawe ulikuwa ukinijibu, "Anataka kuinuka, wifi. Msaidie." Uliponiambia hivyo ulikuwa unasema lugha gani?

Mwau ananiambia jiwe la kaburi litawekwa baada ya Krismasi na familia yote itakuwepo. Mie sikanyagi hapo kabla hujanijibu. Sikutishi, wallahi. Ni miguu tu haitanipeleka.

Nisalimie majirani wote.

Wifi yako,
Halima

*

Zombe
30 Septemba 2024

Wifi Halima,

Salamu zimefika na mimi nakurudishia mara mbili. Barua yako ilikuja ndani ya gunia la vitunguu, ikakaa kwa stoo mpaka gunia likafunguliwa, ndio maana umeona kimya. Hapa tuko sawa. Jua ni kali, mbuzi wanakula hata karatasi, tunangojea mvua ya Novemba kama kila mtu. Huyo kuku mkorofi mchinje tu. Alitoka kwa shangazi Wavinya huko Kanyangi, na kuku wa shangazi wote wako na tabia yake.

Umesema mzee Ndolo, nimecheka peke yangu dukani. Acha nikupatie hiyo hadithi vizuri, maana alivyoisema pale mbele ya pasta aliipunguza chumvi. Baba alianza biashara na punda mmoja, akinunua ndengu kwa watu huko mashambani, mpaka akapata duka, akapata lori, akapata mashine ya kusaga. Lakini jua likizama, awe na wateja au asiwe nao, alikuwa anachukua kofia yake ya kahawia kwa msumari na kusema, "Mimi nainuka." Basi. Baada ya hapo huuziwi hata kiberiti. Siku hiyo Ndolo alikuwa amepata wageni wa posa, akaja anakimbia, anataka sukari. Mlango nusu umefungwa. Baba akamwambia, "Ndolo, nishasema nainuka." Ndolo akapiga magoti, kweli kabisa, mwanaume mzima. Baba akamwambia, "Kama ni hivyo twende kwangu ukanywe chai yenye sukari, halafu ubebe ile itabaki." Na wakaenda! Mama akampimia kwa kikombe.

Mama yetu Kalunde alikuwa anasema aliolewa na saa, si mtu. Sisi watoto tulikuwa tunamngoja baba kwa lango. Hakuna siku alikula chakula cha jioni kwa hoteli. Kuna wakati lori iliharibika ikiwa imejaa ndengu, mbali huko njia ya Mwingi. Wenzake wakalala chini ya gari. Yeye akaomba baiskeli ya mtu, akafika hapa alfajiri amefunikwa na vumbi mpaka kope. Akamwambia mama, "Nimeinuka." Akala muthokoi ya baridi, mahindi na maharagwe ya jana, akatuhesabu sisi wote kwa kitanda kama mbuzi, akapanda baiskeli akarudi kwa lori. Mama alimgombeza mwezi mzima, lakini alikuwa anatabasamu akigombana.

Huyo ndiye alikuwa baba. Alipozeeka akanipa duka, hakusema maneno mengi. Alisema niangalie panya na nisiguse chumba chake.

Hayo mengine ya lugha tutaongea ukija. Nimekuwekea ndengu kidogo na asali. Asali iko kwa chupa ya soda, fungua polepole.

Mimi,
Kasiva

*

Emali
13 Oktoba 2024

Wifi Kasiva,

Twashukuru, mzigo umefika. Asali haikumwagika. Zulekha ameandika kwamba amekuwa wa tatu darasani, na Mwau yuko safarini tena.

Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena nikalia. Ni barua nzuri. Hukunijibu.

Nilimuuliza Mwau. Nilimwambia, wewe Kikamba ni lugha ya mama yako, hukumsikia baba yako? Akaniambia anakwenda kuangalia upepo wa tairi. Alikwenda kuangalia tairi, Kasiva, lori likiwa gereji! Akarudi nimeshalala.

Wewe angalau umekaa ukaandika, umenieleza sukari ya Ndolo na baiskeli. Lakini unanikwepa vilevile. Mie sihitaji kuambiwa baba alikuwa mtu mzuri. Nimemwosha, nimemlisha, najua. Wakati mwingine hata mkono wake ule mzima alikuwa ananisukuma nao nikimnyanyua, nami namkaripia, "Baba, si umetaka mwenyewe kuinuka?"

Kwa hivyo nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sitauliza. Lugha gani?

Halima

*

Zombe
24 Novemba 2024

Halima,

Mvua imekuja, Mungu asifiwe. Tumepanda ndengu na kunde, na ng'ombe wa shangazi Wavinya amezaa. Mto umejaa mpaka magari ya Kitui yakalala huko ng'ambo. Nimekuandikia hii barua nikaichana, nikaandika nyingine nikawashia jiko. Hii ikiisha naifunga na selotepu nisiweze kuifungua.

Kikamba.

Nilikuwa nasema Kikamba, na nilijua wewe utasikia Kiswahili. Nilichagua hilo neno kwa sababu nikilisema si uongo. Ningekwambia "anataka nyumbani", ungemfunga nguo zake siku hiyohiyo na kumtafutia gari, nakujua. Ningekwambia "anakusalimu tu", ningekuwa nimedanganya, na mimi naimba kwaya. Basi nikakuambia neno lake kama lilivyo, nikakuacha upotee nalo. Nikishakata simu nilikuwa najiambia, si nimemwambia ukweli?

Unataka kujua alikuwa ananiambia nini. Alikuwa anasema, "Kasiva, nimefunga duka. Ningwenda kuinuka. Tuma gari." Ningwenda ni "nataka". Kila Jumapili. Na mimi namwambia, ndiyo baba, natuma gari. Woi, Halima. Nilikuwa namwambia hivyo huku napimia mtu mchele.

Kwa nini? Usinifanye nionekane mnyama, ingawa mwenyewe nimejiona hivyo. Mama alilala kitandani miaka mitatu kabla ya kufa. Mwau alikuwa barabarani, wewe ulikuwa hujaolewa. Mimi ndiye nilimgeuza, nikamwosha vidonda, nikamlisha kwa kijiko. Huu mgongo uliouulizia uliisha hapo. Siku tulimzika mama niliingia chooni nikasema kimoyomoyo, sitageuza mtu tena. Baba alipougua nikasema hospitali iko karibu na Emali. Ilikuwa kweli. Mimi napenda sana vitu vya kweli, umeona?

Na kuna chumba. Nilikwambia aliniambia nisiguse chumba chake. Alipokuja kwako hata mwezi haujaisha, nilitoa kitanda nikajaza simiti. Mifuko mpaka kwa dirisha. Angerudi angelala wapi? Kila Jumapili nikisikia sauti yake nilikuwa naona hiyo simiti.

Sasa Mwau. Usimnyime chakula. Alinipigia mara nyingi akasema, Kasiva, mzee analia nyumbani, tumrudishe. Mimi ndiye nilisema ngoja. Ngoja kwanza ndengu zitoke. Ngoja barabara ikauke. Nilimwambia pia asikwambie wewe, utasumbuka bure. Yeye huwa ananisikia kwa sababu nilimlea. Hiyo tairi anayoenda kuangalia ni mimi nilimpa.

Wewe huna kosa. Kati yetu sisi wote ni wewe tu ulisikia neno lake ukafanya kile ulichosikia. Sisi tulisikia tukaelewa, tukakaa.

Fanya unavyotaka na hii barua. Ukitaka isomee watu.

Kasiva

*

Emali
8 Desemba 2024

Kasiva,

Habari za nyumbani ni njema. Nimeandika tu kwa sababu barua haianzi bila salamu.

Nilipomaliza kusoma nilikutukana. Nilikuwa jikoni peke yangu, nikakuita majina ambayo nikiyaandika karatasi itatoboka. Nikachukua ile chupa ya asali yako nikataka kuitupa jalalani, nikakumbuka Zulekha anaipenda. Nilikaa na hasira wiki nzima. Mwau aliporudi nikampa barua aisome. Aliisoma amesimama. Kisha akakaa chini, sakafuni, akalia kama mtoto, na mie sikumbembeleza. Sasa nimembembeleza.

Nilikuwa na haki ya kukukasirikia, na bado ninayo. Lakini umeandika jambo moja lisilo kweli. Umesema sina kosa.

Hujui nilichokuwa nikimjibu.

Kila aliposema kuinuka, nilimjibu. Mtu huwezi kumnyanyua mgonjwa kimyakimya kama gunia. Nilimwambia, "Haya baba, tunainuka." Kila mara. "Tunainuka sasa hivi, baba." Na yeye hunitazama, uso ukamchangamka, akajitahidi na ule mguu mzima. Nikishamkalisha hutazama mlango. Nikidhani anatazama mwanga. Anautazama, anautazama, kisha yanaanza yale machozi. Alikuwa anasubiri tutoke, Kasiva! Wewe ulimwahidi gari Jumapili kwa Jumapili. Mie nilimwahidi kutwa kucha, na nikamkumbatia juu ya hayo.

Na ile asubuhi ya mwisho sijamweleza mtu. Nilimwambia daktari kwamba baba alikwenda usingizini, nikawaambia nanyi hivyo. Haikuwa usingizini. Aliamka mapema, akaonyesha kofia yake ya kahawia iliyokuwa kwenye msumari. Hakuwahi kuitaka tangu aje. Nikamvika. Akasema lile neno. Nikamwambia, "Haya, tunainuka baba." Nikamtia mikono makwapani, nikamnyanyua, na siku ile alikuwa mwepesi, hakunisukuma. Aliweka kidevu begani kwangu. Nikasikia anacheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akawa mzito. Nilikaa nimemshika hivyohivyo sijui muda gani, kofia imeniangukia mgongoni.

Sijui alikufa akiniamini, au alicheka kwa kuwa ameshachoka kudanganywa. Hilo halina wa kunijibu, si wewe wala si Mwau.

Mwau na Zulekha watakuja Krismasi. Mie nitabaki. Nimekiweka kiti kando ya kile kitanda chake, nikimaliza kazi nakaa hapo. Watu wanadhani namlilia. Silii, nakaa tu. Mniwie radhi kwa jiwe. Semeni nina homa.

Halima

*

Zombe
27 Desemba 2024

Wifi yangu,

Mwau na Zulekha wamefika salama. Zulekha amekula muthokoi sahani mbili akasema ya mama yake ni tamu zaidi, mbele ya shangazi Wavinya, hebu fikiria! Homa yako nimewaambia. Hakuna mtu ameamini.

Hasira yako nimeipokea, na sitakuomba uipunguze. Hiyo asubuhi ya mwisho nimeisoma chooni, mahali pale nilisema sitageuza mtu tena. Nimeshukuru Mungu kwamba kuna bega alilopata, na nimeona aibu kwamba halikuwa langu. Kama alikuamini au hakuamini, hata mimi siwezi kukujibu. Hiyo tutaibeba, wewe upande wako na mimi upande wangu.

Simiti nimetoa. Nimebeba mwenyewe na Mwau, mgongo ukalia, nikauambia ulie. Tumeosha sakafu, tumepiga chokaa, kitanda kimerudi chini ya dirisha na shuka mpya. Kofia ile Mwau alikuja nayo iko kwa msumari. Hakuna mtu amelala humo. Chumba kinakungoja wewe.

Mwenye kuchonga jiwe alituuliza aandike nini, Mwau na shangazi wakabishana juu ya mistari ya Biblia mpaka uji ukamwagika. Mimi nimesema aandike jina, Nzau Mulei, na nafasi ya chini aiache mpaka wewe ufike uchague neno. Kesho adhuhuri anakuja na patasi. Bila wewe hataandika, nimemwambia.

Hii barua haijaletwa na vitunguu. Huyo anayekupatia ni Mutisya, dereva wangu wa ndengu, na gari iko hapo nje kwa lango. Amejaza mafuta ya kwenda na kurudi. Nilimwambia baba natuma gari na sikutuma. Wewe hukuniomba, na nimetuma. Mutisya hana haraka, atangoja hata ukitaka kuswali kwanza.

Toka kwa hicho kiti. Inuka, Halima. Sikia kwa Kiswahili, halafu usikie kwa Kikamba.

Kasiva